Embe Tupu, Hakuna Kingine

Kwenye pakiti zetu yameandikwa maneno manne kwa herufi za kijani: EMBE TUPU, HAKUNA KINGINE. Mimi ndiye niliyesimama nyuma ya kijana wa kompyuta pale Korogwe mjini siku yalipopangwa, nikamwambia asogeze herufi kidogo kushoto zisiguse picha ya embe. Nilihangaikia nafasi kati ya herufi. Nilihangaika kama kijani kile hakitaonekana cha bei rahisi. Siku mbili nzima niliwaza kama mtu akisoma neno "tupu" hatadhani pakiti haina kitu ndani. Kitu kimoja tu sikukiwaza. Maneno yale yalikuwa ya uongo, na katika karakana nzima mimi peke yangu ndiye niliyesomeshwa miaka mitatu ili niweze kuutambua uongo wa namna hiyo.

Naandika haya nina hasira. Nimeingoja ipoe, haijapoa, kwa hiyo naandika nayo hivyo hivyo.

Nilipomaliza shahada ya kemia nilirudi nyumbani Kilole na cheti ndani ya faili la plastiki. Nina tabia ya kuwaza kitu mpaka kinachakaa. Barua ya maombi ya kazi yenye mistari minne naiandika siku tatu, halafu ikishakwenda nakumbuka kwamba niliweka nukta mahali pa mkato, nakosa raha wiki nzima. Barua zile hazikujibiwa. Mwisho kazi niliipata bila barua. Mtu mmoja aliyekuwa akiuza vipuri vya pikipiki aliamua kukausha matunda, akasikia nyumba fulani Kilole kuna binti amesoma mambo ya dawa, akaja kuniita. Sote tulimwita bosi. Mimi nikaitwa mtaalamu, kwa heshima asubuhi na kwa utani kuanzia saa nne.

Tulikuwa wanawake saba kwenye uwanja uliozungushiwa mabati. Maembe yalikuja kwa matenga kutoka Kerenge, msimu ukipamba moto yakaja pia kutoka Handeni. Tuliyamenya, tukayakata vipande vyembamba, tukavitandaza kwenye trei za wavu, tukaziingiza ndani ya makaushio, yaani masanduku marefu ya mbao yaliyofunikwa nailoni, jua lifanye kazi yake. Kilichotoka mle tulikifunga kwenye pakiti ndogo. Pakiti nyingi zilikwenda Mombo, kwenye vibanda vya pale mabasi yanaposimama abiria wanunue chakula.

Katoni za kwanza zilirudi. Zilirudi zote, kwa gari lile lile lililozipeleka. Embe likikatwa na kuachwa kwenye hewa hugeuka kahawia, na likikauka hugeuka kahawia zaidi, mpaka kipande kinafanana na kisigino cha ndala ya ngozi. Ladha haijaharibika hata kidogo. Lakini wenye vibanda walisema, "Hizi zimeoza," wakamaliza. Abiria anachagua kupitia dirishani. Ananunua rangi.

Ndipo bosi akaja na mfuko wa unga mweupe, akautua mbele yangu kama mtu aliyeleta mgonjwa. "Mtaalamu," akasema, "wanasema hii inazuia weusi. Inafanyaje kazi?"

Ni lazima niseme ukweli kwamba nilifurahi. Tangu nimalize chuo hakuna aliyewahi kuniuliza swali ambalo jibu lake nililisoma. Kwenye mfuko iliandikwa salfaiti ya sodiamu, daraja la chakula. Nikawaeleza wote, nikiwa nimesimama juu ya kreti la soda ili wa nyuma wasikie.

Niliwaambia ni unga usio wa ajabu, unaofanana na chumvi laini, unayeyuka upesi kwenye maji. Tabia yake kubwa ni moja: una njaa ya oksijeni. Popote ulipo unaikamata oksijeni iliyo karibu na kuifunga, wenyewe unageuka kuwa kitu kingine kisicho na njaa tena, kinaitwa salfeti. Kwa tabia hiyo moja umeajiriwa kila mahali. Viwanda vyenye boila huutia kwenye maji ili oksijeni isile chuma kwa kutu. Waliokuwa wakisafisha picha za filamu waliutia kwenye dawa zao zisiharibike upesi. Viwanda vya nguo huutumia kuondoa klorini inayobaki baada ya kupausha vitambaa, isije ikaozesha uzi. Wanaotengeneza karatasi huuchemsha na vipande vya mbao, ute unaoshikanisha nyuzi unalegea, zinabaki nyuzi. Na kwenye tunda unazuia ule weusi, kwa sababu weusi unahitaji oksijeni, pia unakifunga kile kilichomo ndani ya tunda ambacho ndicho huanzisha weusi wenyewe.

"Kumbe ni unga wenye ajira nyingi kuliko wewe," akasema mmoja, wakacheka, nikacheka na mimi.

Niliwaambia na jambo jingine. Salfaiti ikikutana na kitu kichachu, kama yale maji ya ndimu tuliyokuwa tunatia kwenye beseni, hutoa hewa kali yenye harufu ya kiberiti kilichowashwa muda huo. Hewa ile inakwaruza koo. Nikawaambia wajifunge khanga puani wanapokoroga. Na nikasema, kwa maneno ambayo nayakumbuka vizuri kuliko ninavyotaka, "Mtu mwenye pumu inaweza kumbana." Nilisema hivyo nikiwafikiria wao sita waliokuwa mbele yangu. Nikauliza kama kuna mwenye pumu. Hakuna aliyeinua mkono. Nikashuka kwenye kreti.

Kipimo nilikikokotoa mara sita kwenye daftari. Mizani yetu ilikuwa ya kupimia matenga, haiwezi kupima gramu, hivyo nilienda kwa rafiki mwenye duka la dawa, nikapima pale, nikageuza gramu kuwa vijiko: vijiko vitatu vilivyosawazishwa kwa kisu, kwa ndoo moja ya lita ishirini. Halafu nikaanza kuogopa upande usiofaa. Unga ule ukiachwa wazi unaendelea kula oksijeni ya hewa, unapungua nguvu. Mfuko wetu ulikuwa ukifungwa kwa kamba ya katani na kufunguliwa mara kumi kwa siku. Nikaogopa utachoka, embe litageuka jeusi, katoni zitarudi, bosi ataona hakuna haja ya mtaalamu. Kila asubuhi nikawa nasema, "Jamani, angalieni dawa isipungue. Isipungue." Sikumbuki kusema hata mara moja kwamba isizidi.

Embe likatoka la njano. Njano ya kupendeza, ya ua la mchunga. Mombo wakaomba katoni zaidi. Bosi akasema sasa tuandike pakiti ya kisasa, na ndivyo maneno yale manne yalivyozaliwa. Niliuliza, kwa sauti ndogo, kama tusiandike na ile dawa. Akasema, "Ndimu umeandika?" Nikasema hapana. "Maji uliyooshea umeandika?" Hapana. "Basi." Nikanyamaza. Kwenye daftari langu la chuo nilikuwa nimepigia mstari, kwa kalamu nyekundu, kwamba salfaiti kwenye chakula hutajwa. Lakini ile kazi nilikuwa nayo miezi miwili tu.

Sasa nimtaje mama yangu mdogo, maana bila yeye haya yangekuwa malalamiko ya kitaalamu tu.

Anaishi Handeni, ni mdogo wake mama, na ndiye aliyenilea miaka minne mama alipokuwa akiugua. Ana pumu tangu utoto, ila ilikuwa pumu ya kukaa naye: inakuja wakati wa baridi, anavuta dawa yake ya mkononi, inaondoka. Alikuwa anakaanga maandazi. Alfajiri anawasha kuni, saa moja watoto wa shule wamemaliza beseni zima. Kila nilipokwenda kumsalimu nilibeba pakiti tatu nne za embe letu. Naye aliyapenda mno. Alikuwa anayaweka kwenye kopo juu ya kabati, anakula vipande viwili vitatu mchana akipumzika, anawaonyesha majirani. "Haya yametengenezwa na mwanangu," anasema, "kwa akili ya darasani."

Pumu ikaanza kumjia mchana. Dada mmoja anauza mkaa jirani, wakasema ni vumbi la mkaa. Mama mdogo akahamisha kiti chake. Wakasema ni manyoya ya kuku. Akauza kuku. Kwenye kituo cha afya wakasema, na ni jambo la busara kabisa kumwambia mwenye pumu, kwamba moshi wa kuni haufai. Akazima jiko. Karai kubwa la maandazi akampa jirani wa nyuma ya ua alitumie. Alinipigia simu kunieleza, akajitia kucheka: "Nimestaafu kama serikali." Mimi, msomi wa familia, nikamwambia amefanya vizuri, afya kwanza. Wikiendi ile nikampelekea pakiti tano badala ya tatu, kumpoza.

Siku niliyoelewa ilikuwa Jumamosi baada ya mvua. Hakukuwa na vumbi popote. Jiko lilikuwa limelala wiki tatu, kuku hakuna, muuza mkaa kafunga. Tulikuwa tumekaa barazani, amefungua pakiti mpya ananisimulia habari za harusi fulani, anachovya mkono, anakula, anasimulia. Katikati ya sentensi akakohoa. Akanyoosha kidole juu kuniambia nisubiri atamalizia hadithi. Hakumalizia. Kifua kikaanza ule mlio, mabega yakapanda, akawa anavuta hewa kama mtu anayevuta kamba kisimani na ndoo imekwama. Alivuta dawa yake mara mbili, mara nne. Nikapiga kelele, bodaboda akaja, nikamkumbatia katikati yetu mpaka kituo cha afya.

Daktari wa zamu, kijana kama mimi, alimwekea mashine ya mvuke, kisha akanigeukia na kalamu.

"Kulikuwa na moshi?"

"Hapana."

"Vumbi? Wanyama?"

"Hapana."

"Alikuwa anakula nini?"

Pakiti nilikuwa nayo mkononi. Sijui kwa nini niliishika njia nzima. Nikaitazama, nikamsomea. "Embe tupu," nikasema. "Hakuna kingine." Akaandika: embe.

Nimejiuliza mara nyingi mdomo wangu ulifanyaje vile. Nilikuwa najua kilichomo. Nilikuwa nimekipima. Lakini maneno yaliyochapwa yana nguvu fulani, hata kwa mtu aliyesimama nyuma ya mchapaji. Kalamu ilipokwisha kuandika ndipo vitu vyote vikakaa sawa kichwani: mchana, kopo juu ya kabati, pakiti tatu, pakiti tano. Nikamfuata daktari hadi mlangoni. Nikamwambia, "Samahani, kuna na salfaiti." Akauliza imeandikwa wapi. Nikasema haijaandikwa. Akaitazama pakiti mbele na nyuma, akanitazama mimi, akasema, "Sasa mimi ningejuaje?" Hakusema kwa ukali. Ingekuwa nafuu angesema kwa ukali.

Mama mdogo alilala pale, asubuhi akaruhusiwa. Nilimwambia tu asile embe mpaka nirudi. Sikumweleza kwa nini. Nilijiambia nitahakikisha kwanza, nisije nikamtia hofu bure. Nina ufundi mkubwa wa kuuita woga jina zuri.

Jumatatu nilifika karakana mapema, nikakaa juu ya tenga karibu na mabeseni, nikatazama. Anayekoroga dawa alikuwa bibi mmoja wa Kerenge, mkubwa kuliko sote, mwenye mikono ya kazi na ulimi wa sokoni.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba. Leo mtaalamu umekuja kutukagua au umefukuzwa nyumbani?"

"Nataka kuona tu mnavyopima."

"Ona. Macho hayalipiwi."

Akachota kijiko, akasawazisha kwa kisu, akamwaga. Cha pili vile vile. Cha tatu vile vile. Nikashusha pumzi. Halafu, bila hata kuangalia, akatia mkono mfukoni mwa unga, akachota konzi ndogo ya vidole vitano, akairushia kwenye ndoo.

"Bibi! Hiyo nini?"

"Ipi?"

"Hiyo ya mkono."

"Nyongeza."

Alinijibu kama mtu aliyeulizwa jua ni nini. Wengine wakaacha kumenya.

"Nyongeza ya nini?"

"Ya kipimo, mwanangu. Mtu anapima akaacha pale pale, mkavu, bila hata kidogo juu? Watasema una roho gani? Mimi mchele nimeuza miaka yote, kilo ni kilo na nyongeza juu. Na wewe mwenyewe kila siku unatulilia hapa, isipungue, isipungue."

"Na kila ndoo unaweka?"

"Kwani kuna ndoo iliyonikosea?"

Mmoja akaongezea kwamba siku bibi akiwa hayupo wanaweka wao, maana embe limezoea. Hapo sikucheka. Kila mtu aliyekulia sokoni kwetu angefanya vile vile. Ukipimiwa maharage ukaondoka bila nyongeza unajisikia umetukanwa. Walikuwa wameifanyia dawa adabu wanayomfanyia mteja. Na mtu wa kuwaambia kwamba kemia haitaki ukarimu alikuwa mimi, niliyesimama juu ya kreti nikihubiri boila na karatasi.

Nikawaeleza upya, safari hii chini, nimekaa nao. Nikawaambia habari za mama mdogo, kuku wake, jiko lake, mashine ya mvuke. Nikawaambia pia kwamba nyongeza si kosa lote, kwa sababu wako wenye pumu ambao hata kipimo sahihi kinawabana. Dawa ikiwemo, lazima isemwe imo. Bibi alisikiliza akiwa ameshika kile kijiko.

Nikaenda kwa bosi. Alikuwa ofisini anafunga katoni kwa utepe wa gundi.

"Bosi, kuna neno linatakiwa kuongezwa kwenye pakiti."

"Neno gani?"

"Salfaiti."

"Hilo si neno, hilo ni ugonjwa."

"Kuna watu linawabana kifua. Wakiliona watajua wasile."

"Na wasiobanwa wakiliona hawatakula pia. Abiria ana dakika kumi Mombo, anataka embe, wewe unampa mtihani wa kidato cha nne. Hiyo dawa si inaliwa dunia nzima?"

"Inaliwa. Na huko inaandikwa."

"Kuna aliyekufa?"

"Hapana, lakini mama mdogo..."

"Hakuna aliyekufa. Basi." Akakata utepe kwa meno. "Na nimesikia huyo bibi anajaza mkono, mwambie kesho asije. Tatizo limekwisha."

Kwa kawaida mimi hasira yangu huja kesho yake, nikiwa naoga, na majibu mazuri yote. Siku ile ilikuja kwa wakati. Nilimwambia kwamba akimfukuza bibi dawa bado imo. Kwamba kuna mwanamke Handeni amezima jiko lililomlisha miaka ishirini kwa sababu pakiti yetu ilisema hakuna kingine, na aliyesoma pakiti hiyo mbele ya daktari ni mimi. Kwamba amewapa lawama kuku, mkaa na kuni, na wote walikuwa hawana hatia. Sauti yangu ilikuwa nyembamba, ilikatika mara mbili. Bosi akaniambia nikanywe maji. Bibi sikumwambia asije.

Kilichofuata sikukipanga mimi, ingawa ningependa kudai nilikipanga. Ijumaa gari la Mombo lilikuwa lije saa nane. Vipande vilikuwa vimekauka, vimejaa trei. Saa tano wanawake wote walikuwa wamekaa kwenye mkeka, mikono mapajani, hakuna anayefunga pakiti. Bosi akatoka.

"Vipi, kuna msiba?"

Bibi wa Kerenge ndiye aliyejibu, hakuinuka. "Bosi, mimi mchele wa mwaka jana nasema ni wa mwaka jana. Ukiwa na chenga nasema una chenga. Mtu akinunua, amenunua anajua, na kesho anarudi. Hapa umenifanya nimdanganye mtu na mimi mwenyewe sijui kama nadanganya. Sijawahi kufanyiwa hivyo na mtu yeyote. Andika kilichomo, tufunge."

"Na nisipoandika?"

"Jua hili hapa, embe hili hapa, na wewe una mikono."

Mmoja akaguna kicheko. Bosi alitazama trei, akatazama saa yake, akanitazama mimi kana kwamba nilikuwa nimewafundisha maneno. Akasema pakiti mpya hachapishi. Nikasema muhuri wa mpira utatosha, kuna fundi mihuri karibu na stendi. Akasema, "Nyuma. Mbele hamgusi." Nikakimbia. Fundi aliuchonga nikiwa nimesimama kichwani kwake, na nilimfanya arudie mara moja kwa sababu herufi F ilikuwa imepinda. Saa saba na nusu tulikuwa tunagonga mihuri kama makarani: INA SALFAITI. MWENYE PUMU ASILE.

Sikuridhika na bado sijaridhika. Mbele pakiti inasema hakuna kingine, nyuma inasema kipo. Mtu lazima aigeuze ili aambiwe ukweli, na dirishani mwa basi nani anageuza? Nimemwandikia bosi barua kuhusu hilo. Ina mistari minne, na safari hii niliiandika kwa dakika tano. Nangoja jibu, na kila asubuhi namuuliza mbele ya watu.

Jumamosi nilikwenda Handeni na pakiti moja yenye muhuri. Njia nzima nilikuwa napanga hotuba. Nianze na kemia au nianze na samahani? Nikianza na samahani atashtuka. Nikianza na kemia nitaonekana najitetea. Nilipofika hotuba yote ilikuwa imepotea, nikamsalimu, nikampa pakiti, nikaigeuza kumwonyesha nyuma.

Alisoma taratibu, midomo ikitembea. Akasoma tena.

"Hii ndiyo ilikuwa inanibana?"

"Ndiyo, mama."

"Siyo kuni."

"Kuni nazo zina moshi, uwe unakaa upande upepo unakotoka. Lakini siku zile za mchana ilikuwa hii."

"Na hii, wewe ulijua imo."

"Nilijua. Sikufikiri itakufikia wewe."

"Ulijua nina pumu."

"Nilijua."

Akaiweka pakiti kwenye mkeka kati yetu, upande wa muhuri juu.

"Sasa muhuri wa nini?" akasema. "Hawa wa Mombo hawakujui, wagongee muhuri. Mimi ungeniambia kwa mdomo. Umekaa hapa barazani mara ngapi? Mdomo ulikuwa nao."

Aliinuka, akaenda hadi kwenye ua wa nyuma, akamwita jirani kwa Kizigua, kisha akarudia kwa Kiswahili, nadhani ili na mimi nisikose neno: "Mama, nirudishie karai langu! Haukuwa moshi!"

"Alhamdulillahi!" sauti ikajibu kutoka upande wa pili. "Kumbe ilikuwa nini?"

Mama mdogo akageuka, akanitazama. Hakuwa amekasirika tena sana, ila hakuwa tayari kunisaidia.

"Jibu wewe," akasema. "Njoo hapa uani umjibu."

Nikainuka, nikasogea mpaka kwenye fito za ua. Mwanamke yule alikuwa amesimama na karai mikononi, anangoja. Nikamwamkia kwanza. Halafu nikasema kwa sauti ya kusikika mpaka kwa muuza mkaa kwamba ilikuwa dawa ya embe, na aliyekuwa akiileta ni mimi.